Doreen Hartshorn, Aliyepiga Besi Nyuma ya Pazia

Kasisi, ndugu wa marehemu, majirani zetu, na ninyi wanamuziki mliokuja kwa wingi kiasi hiki, mimi ni Rosalind, mtoto wa kwanza wa marehemu, na familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha yake. Kasisi aliipitia karatasi hii jana mchana, akaniomba kwa upole nipunguze ukali, nami nilikaa nayo mezani kwa saa nzima, nikafuta neno moja tu, ambalo kweli lisingefaa kutamkwa kanisani. Mengine yote nimeyaacha.

Marehemu Doreen Ivy Hartshorn alizaliwa tarehe 19 Novemba 1947, hapa hapa Coventry, mtaa wa Hillfields, katika nyumba ambayo nusu ya paa lake bado lilikuwa turubai tangu mabomu ya vita, akiwa mtoto wa tatu na wa mwisho wa mzee Albert Hartshorn, fundi wa kukereza vyuma katika kiwanda cha magari, na Bi Ivy, aliyekuwa akifagia madarasa ya shule.

Alianza shule ya msingi mwaka 1952, akaingia sekondari Septemba 1959, na kumaliza Julai 1963 akiwa na miaka kumi na mitano. Shule ile ilikuwa na besi moja ya mbao, ile kubwa inayopigwa kwa kusimama, na Doreen aliitaka tangu siku ya kwanza, lakini mwalimu wa muziki alimwambia mbele ya darasa, "Hilo dude ni kubwa kuliko wewe, na msichana wa heshima hakumbatii kitu namna ile mbele za watu," kisha akampa pembetatu ya chuma ya kugonga, naye Doreen akaigonga kwa miaka minne. Baadaye alikuwa akisema kwamba pembetatu ndiyo iliyomfundisha kuhesabu, kwa kuwa mtu anayegonga mara mbili tu katika wimbo mzima lazima ajue hasa ni lini. Watu walicheka kila aliposimulia hadithi hiyo, na mimi nilicheka, mpaka nilipokuwa mtu mzima nikagundua kwamba haichekeshi hata kidogo.

Septemba 1963 aliajiriwa katika kiwanda cha simu, akichomelea nyaya, na Mei 1965 alinunua gitaa la besi la umeme lililokwisha tumika, lenye ufa mgongoni. Kusoma muziki alijifundisha mwenyewe kwa kitabu cha maktaba ya mji, ambacho alikiazima mara kumi na saba mfululizo, mpaka mkutubi akamwambia, "Doreen, mpenzi, nenda nacho tu, maana hapa hakuna mwingine anayekijua kwa jina." Alipiga katika kumbi za dansi za Coventry na Rugby kwa miaka miwili na nusu, na Jumatatu ya tarehe 8 Januari 1968 alipanda treni ya alfajiri kwenda London kushika nafasi ya mpiga besi mmoja aliyevunjika mguu. Alipoingia studio, mpiga gitaa mmoja alimwambia bila kuinua macho kwenye gazeti, "Chai yangu sukari mbili, mpenzi," naye akajibu, "Yangu haina sukari, na nitainywa nimekaa kwenye kile kiti chenye besi." Kufikia saa saba mchana walikuwa wamemaliza nyimbo nne bila yeye kurudia hata moja, na mpiga gitaa yule, marehemu Sid Garrity, akainuka mwenyewe, akamletea chai.

Tangu siku hiyo hadi Juni 1991, kwa mujibu wa shajara zake ambazo ninazo nyumbani, alifanya kazi ya studio mara elfu mbili mia tatu na kumi na nne. Ni kazi ya kukodiwa: unafika saa nne asubuhi, unapewa karatasi ambayo hujawahi kuiona, unapiga wimbo wa mtu ambaye pengine hamtakutana maishani, unaondoka, na wimbo unakwenda duniani na jina la mwingine. Mmecheza nyimbo alizopiga kwenye harusi zenu, mmezisikia mkichagua viazi dukani, watoto wenu wamelala kwa vipindi vya televisheni ambavyo besi yake ni ya Mama, na ninathubutu kusema kwamba hakuna mtu ndani ya kanisa hili ambaye mikono ya marehemu haikuwahi kumtikisa mguu. Jina lake liliandikwa kwenye majaladi ya santuri mara sita.

Jumapili baada ya chakula, mimi na mdogo wangu Graham tulikalishwa sakafuni mbele ya gramafoni, naye Mama anaweka santuri na kuuliza, "Haya, nani ameibeba nyumba hapa?" Sisi tunajibu, "Mwimbaji!" naye anasema, "Huyo amekaa dirishani anawapungia watu mkono, sikilizeni chini, sikilizeni ukutani." Ndipo anatutajia wale watu wake mmoja mmoja, wanaume wenye vipara na sweta za kufumwa, waliokuwa wakijaza chemshabongo za gazeti kati ya wimbo na wimbo, halafu wanaweka kalamu chini na kupiga kitu cha kukutoa machozi, halafu wanarudi kwenye chemshabongo. Mama alimpenda Sid kwa sababu Sid alijua kunyamaza, naye alikuwa akisema kwamba katika wimbo mmoja wa Sid noti bora ni ile ambayo aliamua kuiacha. Lakini zaidi ya zote alipenda albamu za laivu, zile zilizorekodiwa jukwaani mbele ya watu, pamoja na kikohozi cha yule wa safu ya tatu na kelele za mlevi anayeomba wimbo mwingine. "Studio unarudia mpaka uongo ufanane na kweli," alikuwa akituambia, "jukwaani kosa likishatoka limetoka, na namna mtu anavyorudi kutoka kwenye kosa lake ndiyo muziki wenyewe." Kuna albamu moja tu ya laivu ambayo hakuwahi kuiweka kwenye gramafoni ile, nayo ndiyo iliyowaleta wengi wenu hapa leo.

Tarehe 17 Juni 1972 marehemu alifunga ndoa na Kenneth Lowe, dereva wa basi, katika ofisi ya msajili hapa mjini, na Mungu akawajalia watoto wawili, mimi niliyezaliwa tarehe 2 Mei 1976, na Graham aliyezaliwa tarehe 30 Agosti 1979. Naomba mshike hiyo tarehe yangu, kwa sababu inahusika.

Alhamisi ya tarehe 4 Machi 1976, meneja wa mwimbaji Lorne Maddox alimpigia Mama simu. Lorne, ambaye naye ametangulia, alikuwa anarekodi albamu ya laivu mjini Wolverhampton Jumamosi hiyo, onyesho la saa tisa alasiri, na mpiga besi wake, kijana aitwaye Nicky Vayle, mwenye nywele za dhahabu zilizofika mabegani, alikuwa ameshindwa nyimbo mpya baada ya wiki tatu za mazoezi. Mama alizijifunza kwa siku mbili, na Baba akampeleka kwa gari. Meneja alipomwona akishuka alishika kichwa, akasema, "Mungu wangu, hukuniambia una mimba," Mama akamjibu, "Hukuniuliza, uliniuliza kama ninazijua nyimbo." Ndipo yule bwana akatamka maneno ambayo Baba alinisimulia mara nyingi, naye Baba hakuwa mtu wa kutia chumvi: "Wasichana wamekuja kumtazama Nicky, hawakuja kutazama mama wa miezi saba amekumbatia gitaa. Utakaa nyuma ya pazia."

Akakaa nyuma ya pazia. Wakamwekea kiti cha mbao kando ya mpiga dramu, Alun Pritchard, ambaye alimwona kupitia upenyo wa kitambaa cheusi, na huko mbele Nicky Vayle akasimama kwenye mwanga, akarusha nywele, akatembeza vidole kwenye gitaa ambalo waya wake ulipita chini ya zulia na kuishia chini ya zulia. Kila noti ya besi katika albamu ile ni ya Doreen Hartshorn.

Mnaujua wimbo wa tatu upande wa pili. Mnajua pale besi inapokatika ghafla, dramu inabaki peke yake kwa kuhesabu nne mara nne, kisha besi inarudi na zile noti saba zinazoteremka, ambazo kila anayeshika gitaa la besi nchi hii amejaribu kuzipiga. Basi ukweli ni huu. Mama alibanwa na maumivu tumboni, makali kiasi kwamba mkono uliachia nyuzi, akajua amewaharibia wote, na Alun, aliyekuwa akimtazama kwenye upenyo, akaendelea kugonga polepole na kumtikisia kichwa, kama anayesema pumua, mama, tupo. Maumivu yalipomwachia alirudi kwa noti alizoweza kuzifikia, nyuzi nyingi zikiwa wazi bila kubonyezwa, kwa sababu tumbo lilimsukumia gitaa mbali, na mkono haukufika juu ya shingo ya gitaa. Aliyekuwa akimpiga mateke ni mimi. Nilikuwepo. Nina haki ya kutoa ushahidi kuliko mtu yeyote aliyewahi kuiandika albamu ile kwenye gazeti.

Septemba 1976 santuri ikatoka, na nyuma ya jaladi ikaandikwa: besi, Nicky Vayle. Magazetini wakaandika kwamba ule ukimya ni ujasiri wa kijana mwenye kipaji cha pekee. Mwaka 1981 Nicky alihojiwa redioni, akasema, "Nilitaka wimbo uvute pumzi." Mwaka 1989 alitoa kitabu cha mafunzo, sura nzima ikiwa juu ya ukimya wake, na kitabu hicho nilikinunua mimi nikiwa na miaka kumi na mitatu, nikajifungia chumbani kujifunza, mpaka Mama akaingia na ungo wa njegere, akasoma ukurasa nikiwa nimekaa hapo, akasema, "Vidole vimekosewa," akatoka. Sikuelewa. Hadithi hii nilielezwa na Baba nikiwa na miaka kumi na minane, tukiwa ndani ya gari, na nilimwambia asimamishe gari nishuke, kwa sababu sikujua hasira ile niiweke wapi.

Jumamosi ya tarehe 14 Oktoba 2006, Nicky Vayle alikuja hapa Coventry kufundisha katika duka moja la vyombo vya muziki, na Mama akasema, "Twende tukamsikilize." Watu walikuwa kama sitini, na wengine mko humu. Nicky akapiga zile noti saba, Mama akanyoosha mkono kama mwanafunzi, akasema, "Samahani, bwana, hizo zilipigwa kwa nyuzi wazi, huku chini, aliyepiga hakuweza kufika huko juu." Nicky akamtazama, na nawaapia kwamba alimtambua, niliona shingo yake ikiwa nyekundu mpaka masikioni, kisha akatabasamu na kuwaambia watu, "Bibi yetu ana masikio mazuri, sasa tumwachie kazi aliyekuwepo jukwaani." Mkacheka. Nasema mkacheka, kwa sababu niliziona nyuso, na watatu kati yenu mlikuwa mmefanya kazi na Mama studio na mlijua kila kitu, mkatazama viatu vyenu. Mama naye alicheka, akaweka mkoba begani, akaniambia, "Nipeleke nyumbani, Roz." Na mimi, ninayewasuta wenzangu leo, nilimpeleka nyumbani. Sikufungua mdomo. Hilo nalo limo katika historia hii.

Marehemu aliacha studio mwaka 1991 na kufundisha wanaoanza gitaa la besi katika kituo cha jamii hadi mwaka 2020, Jumanne na Alhamisi, watu wa umri wowote, na kila msichana aliyeingia pale aliambiwa kwanza, "Kaa mbele." Baba alifariki tarehe 12 Desemba 2015. Tarehe 21 Aprili 2021 Mama alipata kiharusi kilichoua mkono wa kushoto, ule wa kwenye shingo ya gitaa, na tangu hapo hakupiga tena, ingawa nilimkuta mara nyingi amekaa dirishani, mkono wa kulia ukichezacheza pajani. Mwaka 2023 moyo nao ukaanza kuchoka.

Mwaka huo huo Alun Pritchard, bila kuombwa na mtu, alikwenda kwa wakili kule kwao Swansea, akaapa, na kuandika kurasa nne juu ya alasiri ile ya Wolverhampton, akazituma kwa kampuni ya santuri. Baada ya miezi kumi na minne kampuni ikajibu kwamba toleo jipya la albamu litarekebisha kasoro. Likatoka Novemba 2024, nikampelekea Mama wodini, nikampa miwani, naye akasoma sauti ikiwa ya chini: besi, Nicky Vayle, besi ya ziada, Darren Hartshorn.

Darren. Walikuwa na kurasa nne, walikuwa na kiapo, walikuwa na miaka arobaini na minane ya kujifunza kuandika jina la mwanamke mmoja, wakamgeuza mwanamume. Nililia kwa hasira mpaka muuguzi akaja, naye Mama akaniambia, "Usilie, sasa nimekuwa mwanamume, pengine wataniruhusu nitoke nyuma ya pazia."

Kwa hiyo mngedhani, kama nilivyodhani mimi maisha yangu yote, kwamba Doreen Hartshorn aliyachukulia haya kwa wepesi. Alhamisi ya tarehe 27 Februari mwaka huu, mchana, aliniomba nifungue mfuko wa pembeni wa kasha la gitaa lake. Humo zilikuwemo nakala za barua kumi na moja alizoiandikia kampuni ile, ya kwanza ya Oktoba 1976, mimi nikiwa na miezi mitano, ya mwisho ya mwaka 2019, zote kwa mwandiko ule ule ulionyooka, zote zikisema jambo moja: ninaomba muandike jina langu. Hakuna aliyejua, hata Baba. Nikamwuliza, "Mama, na siku ile dukani, mbona ulicheka?" Akasema, "Kwa sababu kingine kilichobaki kilikuwa kulia, na sikutaka anione." Halafu akanishika mkono kwa ule wake mzima, akasema maneno ambayo niliyaandika pale pale ili nisije nikayalainisha: "Nisikilize vizuri, Roz. Msije mkasimama kanisani mkasema Doreen hakuwa na kinyongo. Nilikuwa nacho. Nilikuwa nacho kila siku, nikikipeleka kazini na kukirudisha nyumbani. Usiwaambie nilisamehe, maana hakuna aliyeniomba msamaha."

Basi siwaambii.

Marehemu alifariki Jumanne tarehe 4 Machi 2025, saa nne na dakika ishirini asubuhi, akiwa na umri wa miaka sabini na saba, mimi na Graham tukiwa pembeni yake. Ameacha watoto wawili na wajukuu watatu.

Jumapili iliyofuata Nicky Vayle alinipigia simu. Alisema amesikitika, kwamba Mama alikuwa shabiki wa kweli wa muziki, na kwamba angeona fahari kuja kupiga zile noti saba hapa, mbele ya jeneza, kama heshima. Niliondoa simu sikioni nikaitazama. Kisha nikamwambia, "Njoo, bwana Vayle, lakini gitaa liache nyumbani. Safari hii wewe ndiye utakayekaa kimya na wengine watasikiliza." Umekuja, nakuona, safu ya saba, na sitakuficha kwamba sikutarajia. Bado una mdomo na bado kuna kalamu duniani. Mama hayupo wa kukusikia, lakini kampuni ile ipo, na anwani yao ninayo, imeandikwa mara kumi na moja.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya moyo, hasa wale waliomwacha aweke redio yake juu kuliko sheria inavyoruhusu. Tunamshukuru jirani yetu Bi Gurdev Kaur Sandhu, aliyeleta dengu na chapati kila Ijumaa kwa miaka mitatu, na ambaye alimsomea Mama gazeti macho yalipochoka. Tunawashukuru wanafunzi wake wa kituo cha jamii, ambao ndio waliolibeba jeneza asubuhi hii. Tunakushukuru wewe, mzee Alun Pritchard, uliyesafiri kutoka Swansea na miaka yako themanini na moja na goti lako bovu, ulimwona wakati wengine walipanga asionekane, ukangoja arudi, na hukuwahi kusema vinginevyo. Wanamuziki wenzake wa studio mliosema ukweli hata mara moja, hata baa, tunawashukuru. Kampuni ya santuri imeleta shada, nimeliacha nje.

Fundi wa majeneza aliniambia kwamba kibao cha shaba huandikwa jina na miaka tu. Nilimwomba aongeze neno, akaongeza, na sikusaini mpaka nilipokisoma herufi kwa herufi, mara tatu, na Graham akakisoma nyuma yangu. Kimeandikwa Doreen Hartshorn, mpiga besi. Tukitoka, naomba kila mmoja apite hapa mbele, akisome kwa sauti, nanyi mliotazama viatu mpite pia, na wewe wa safu ya saba upite, nitakuwa nimesimama hapa hapa nikisikiliza.

Pumzika, Mama. Hasira niachie mimi.